Kibanio Kilichokata Mkia wa Shati la Baba

Lamar Tidmore,
Barabara ya Shingle Fork, nyumba yenye sanduku la barua lililopinda,
Alabama.
Alhamisi, wiki ya kwanza ya msimu wa bata mzinga.

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Wawindaji ya Shingle Fork.
(Aisome Baba Mdogo Verlon kwa macho yake mwenyewe. Kama miwani imepotea tena, asomewe na Mama Mdogo. Asisomewe na Royce.)

YAH: KUDAI MKIA WA SHATI, NA KUSHITAKI KIBANIO

Mheshimiwa Mwenyekiti, Baba Mdogo wangu,

Shikamoo. Natumaini goti lako linaendelea vizuri tangu lilipokuangusha kwenye ngazi za kanisa. Sisi huku ni wazima wote isipokuwa mimi, na sababu zangu nitazieleza kwa utaratibu kama ulivyotufundisha kwenye mikutano, ingawa mikutano yenyewe haina utaratibu wowote.

Nakuandikia kama mwanachama hai wa klabu, si kama mtoto wa kaka yako. Itafika mahali nitakuandikia kama mtoto wa kaka yako, na nitakapofika hapo nitakuarifu.

Jambo lenyewe unalijua, maana kisu kilikuwa mkononi mwako. Jumamosi ya kufungua msimu nilimpiga risasi bata mzinga dume, naye akaondoka zake na afya njema. Nikarudi kambini. Kwa mujibu wa desturi yetu, anayefyatua akakosa husimamishwa juu ya benchi mbele ya wenzake, mwenyekiti akakata pindo la nyuma la shati lake, lile tunaloliita mkia, kisha likapigiliwa msumari ukutani na jina lake likaandikwa chini, wajukuu waje kusoma. Desturi hii siipingi hata kidogo. Nimewahi kumshika Royce mikono ili akatwe vizuri, nikacheka mpaka mbavu zikauma, na naamini nilicheka kwa haki.

Ila shati la Jumamosi halikuwa langu, Baba Mdogo. Lilikuwa la marehemu baba.

Unalijua lile shati la kijani iliyochujuka, lenye mifuko miwili na kifungo kimoja cha rangi nyingine. Mama alilitoa sandukuni mwaka huu, akanipa. Nikalivaa hapo hapo. Ni shati lililokaa chini ya miti yote ya Shingle Fork, hata mkia wake ulikuwa umekolea rangi kuliko mgongo, kwa kukalia magogo yenye unyevu miaka yote ile. Na ni shati la mtu ambaye hakukosa. Tazama ukuta wetu. Shemasi Odell yupo. Kinyozi Thurman yupo. Mchungaji yupo, na chini ya jina lake mmeandika aya ya Biblia. Wewe mwenyewe uko mara mbili. Mtu pekee wa rika lenu ambaye jina lake halipo pale ni Hollis Tidmore, na tangu utotoni, kila nilipoingia kambini, nilikuwa nautazama ukuta ule kwanza ili nione asivyokuwapo.

Leo yupo. Shati lake liko ukutani kwa sababu yangu, chini ya mkia wa Royce, ambaye alimkosa ndege aliyekuwa amesinzia. Mimi nataka shati la baba litoke pale. Hayo mengine yote nitakayoandika yanatafuta hilo tu, lakini kwa kuwa Royce amesema nikitaka kudai nidai kwa maandishi, basi na asome maandishi.

Malalamiko yangu ni haya.

LA KWANZA: Kibanio. Kwa faida ya Mama Mdogo, kama ndiye anayesoma, kibanio ni kile kijibomba cha chuma kinachoskrubiwa ndani ya mdomo wa bunduki ili kuyabana marisau, vile vichembe vya risasi, yanapotoka. Kibanio kipana huyaachia marisau yakatawanyika kama mahindi unayowamwagia kuku. Kibanio chembamba huyatoa yakiwa yameshikana. Kwenye mkutano wa majira ya baridi, shemeji yangu Royce, ambaye anaviuza vibanio dukani kwake pale karibu na kituo cha mafuta, alisimama na karatasi yenye michoro, akatushawishi kwamba mwanamume kamili hutumia kibanio chembamba kuliko vyote. Alisema kinamfikia bata mzinga aliye ng'ambo ya malisho. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, kwa kuwa ni shemeji.

Hakuna aliyeuliza: malisho yapi? Shingle Fork hatuna malisho. Tuna matete ya kijitoni yaliyosongamana, tuna miiba inayokuvua kofia, tuna mierezi iliyofumana mpaka mbwa anapita kwa ubavu. Huku kwetu bata mzinga haonekani mpaka awe karibu kiasi cha kukuomba chumvi. Na akiwa karibu hivyo, marisau ya kibanio chembamba yanakuwa bado hayajafunguka. Yanakwenda yamekunjana kama ngumi. Sasa nani, Mheshimiwa, anaweza kumpiga ngumi moja ndege mwenye shingo inayozunguka kama ya Mama Mdogo akitafuta nani hajaja kanisani? (Samahani, Mama Mdogo. Endelea kusoma.)

Kwa hiyo kwenye kichaka kizito kinafaa kibanio kipana. Hili lingejulikana siku ile ile kama tungeacha kupiga makofi. Klabu ilinipeleka vichakani na silaha ya uwandani, kisha ikanikata shati. Mkuki kwa nguruwe mtamu, lakini hapa nguruwe ndiye aliyeuziwa mkuki wenyewe na shemeji yake.

LA PILI: Uzushi. Royce anatangaza kila mahali kwamba niliinua kichwa. Wote tunajua maana yake. Mwindaji hukaza shavu kwenye kitako cha bunduki na kuliacha pale mpaka mlio uishe, na akiliondoa shavu ili amtazame ndege, bunduki nayo hupanda, marisau yakapita juu. Ni kosa la mtoto anayejifunza. Nilipofyatua, Royce alikuwa amekaa upande wa pili wa mti ule ule, amenipa mgongo, na kwa maoni yangu alikuwa amelala. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Shemeji, umeinua kichwa eti?" Hata hajaona kitu. Hata hakugeuka.

Nakanusha. Shavu langu lilikuwa limeganda pale kama stempu kwenye bahasha. Na ili ujue kwamba nakumbuka kila kitu vizuri, nitaeleza ilivyokuwa.

Kulikuwa kumepambazuka, maua meupe ya porini yameanza kuonekana kati ya miti. Nilikisugua kile kisanduku cha mwerezi alichokichonga baba, kinacholia kama jike. Dume likajibu toka ng'ambo ya kijito kwa sauti iliyonisimamisha nywele. Nikanyamaza, kama baba alivyokuwa akinyamaza. Likajibu tena, karibu zaidi. Halafu matete yakafunguka na yeye huyo, amejitanua kama meya. Kichwa kilikuwa cheupe juu, samawati mashavuni, na shingo nyekundu ya kuiva, na kila alipopumua ile nyekundu ilipanda kidogo ikameza ile samawati. Ndevu zake za kifuani zilikuwa zinaburura majani. Manyoya ya mgongo yalikuwa na umande, na umande ulipopata mwanga ulitoa shaba, halafu kijani, halafu rangi ambayo sina jina lake. Ncha moja ya mkia wake ilikuwa imevunjika, ya tatu kutoka kushoto. Kope zake zilikuwa fupi. Alipepesa jicho. Nikafyatua.

Tete moja lilikatika juu ya kichwa chake, safi kama limekatwa kwa panga. Yeye akalitazama, akanitazama mimi, akaenda zake kwa miguu. Hata kuruka hakuruka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

LA TATU: Mwenendo wa kesi. Nilipandishwa benchini bila kusikilizwa. Niliomba kesi iahirishwe, Shemasi Odell akajibu kwamba samaki watapoa. Niliomba nivue shati la baba nivae langu kwanza, maana langu lilikuwa kwenye pikapu hapo nje. Mkasema shati lililokosa ndilo linalokatwa. Nikasema kwa sauti, na naomba iandikwe, kwamba shati hili halijawahi kuguswa na kisu na aliyelivaa hakukosa maisha yake yote.

Hapo ndipo ulipocheka, Baba Mdogo. Wengine walikuwa wameanza kunyamaza kwa heshima ya marehemu, hata Royce alikuwa ametazama chini. Wewe ukacheka. Ulicheka mpaka ukashika meza, ukafuta machozi kwa kiganja, ukakata upogo. Kisha ukaenda ukutani, ukasimama mbele ya ile kalenda ya zamani ya duka la chakula cha mifugo, umetugeuzia mgongo kwa muda mrefu kweli, nadhani ukitafuta pa kupiga msumari. Kalenda ile inafaa iondolewe, mwaka wake ulikwisha zamani na inakula nafasi.

Sasa nabadilisha, nakuandikia kama mtoto wa kaka yako. Iliniuma. Wewe ndiye uliyenishika bega makaburini. Sikutegemea uwe wa kwanza kucheka.

Narudi kuwa mwanachama.

LA NNE: Hili nimeliacha wazi kwa ajili ya ushahidi wa mama. Jumapili baada ya ibada nitampelekea shati, alione kidonda chake, kisha athibitishe kwa kinywa chake kwamba baba hakukosa hata mara moja. Mama hasemi uongo, hata pale uongo ungesaidia. Ushahidi wake ukipatikana nitauandika mwishoni na kesi itakuwa imekwisha.

LA TANO: Uchunguzi wa kitaalamu. Jumapili iliyopita nilichukua mfuko wa karatasi wa dukani, mke wangu Rhonda akanichorea bata mzinga juu yake, nikautundika kwenye uzio, nikasimama umbali ule ule. Nilifyatua kwa kibanio chembamba cha Royce. Tundu lilikuwa la ukubwa wa skonzi ya mama, na lilikuwa katikati kabisa ya shingo. Kichwa chote kilitoka. Hili linathibitisha jinsi kibanio hiki kisivyofaa kwa karibu. Royce, ambaye alikuwa amekuja kuazima ngazi, alisema kinachothibitishwa ni kwamba bunduki inapiga pale inapoelekezwa. Nilimjibu kuwa hayo ni maoni yake na ngazi haipo.

Kisha nikafunga kibanio kipana. Marisau yalienea vizuri sana. Yaliupata mfuko, yaliupata uzio, na yalizipata foronya mbili za Rhonda zilizokuwa zimeanikwa. Rhonda ameomba foronya zile ziingizwe kwenye malalamiko haya. Nimeziingiza. Angalau imethibitika kwamba marisau yakiachiwa uhuru hayachagui, na kwenye kichaka, hicho ndicho tunachotaka.

LA SITA: Aibu ya hadharani. Jumatatu kinyozi Thurman alinizungusha kwenye kiti, akauliza mbele ya watu, "Nyuma nako nipunguze, au wameshapunguza?" Jana kwenye chakula cha Jumatano pale kanisani nilipanga foleni kama Mbaptisti yeyote, nikapewa viazi, nikapewa maharage, na nilipofika kwa kuku wa kukaanga nikawekewa mkia. Mkia wa kuku, Mwenyekiti. Aliyepakua nampenda na namheshimu, na kwa kuwa huenda ndiye anayekusomea barua hii, sitamtaja. Nilimtazama, naye akaniambia nipokee na chai baridi. Nilipokea chai.

Hata mbwa wangu, ambaye hakuwapo siku ile, ananitazama kama amesimuliwa.

LA SABA: Mhusika mkuu yuko huru. Yule dume amekwisha kuonekana mara kadhaa tangu Jumamosi. Dereva wa basi la shule alimwona anavuka barabara polepole, akasimamisha basi. Na asubuhi ya jana mtunza makaburi alimkuta ndani ya uzio wa makaburi yetu, amejitanua, anatembea huku na huku mbele ya jiwe la baba. Nilipoambiwa nilikwenda. Sikumkuta, ila nilikuta unyoya, na ncha yake imevunjika. Nauliza klabu: hii si dharau? Amenidhalilisha mimi nikiwa hai, sasa amekwenda kumpasha habari marehemu. Atakuwa amemweleza nini? Ataelezea tete lile lilivyokatika? Baba alikuwa na swali moja tu kwa mtu aliyekosa. Alikuwa anamwacha mtu amalize kusimulia, anawasha kiko, halafu anamuuliza taratibu, "Enhe, na ndege mwenyewe alisemaje?" Siku hizi nalisikia swali hilo hata nikipiga mswaki.

Kwa hayo yote, naomba klabu iamue yafuatayo bila kuchelewa:

Kwamba mkia wa shati la baba utolewe ukutani na nikabidhiwe, ukiwa umekunjwa kwa heshima.

Kwamba mahali pake kipigiliwe kibanio chenyewe, jina lake kamili liandikwe, kwa kuwa ndicho kilichokosa.

Kwamba Royce akatwe shati lote kwa kosa la uchochezi. Abakizwe mikono, kwa kuwa ni ndugu.

Kwamba kuanzia sasa mtu akikosa, kabla ya kisu, watumwe watu watatu waaminifu kwenda kupima unene wa kichaka. Kichaka kikiwa kizito kiasi cha Shemasi Odell kushindwa kupita, mtu aachiwe. Najua Odell anashindwa kupita hata kwenye mlango wa kambi. Hilo ni jambo la kambi, si la sheria.

Kwamba anayevaa shati la marehemu ahesabiwe kuwa watu wawili, aliye hai na asiye hai, na kosa la mmoja lisimwangukie mwenzake. Hapa sitanii. Kama lazima kitu kikatwe, nikatwe mimi. Niko tayari kuleta mashati yangu yote. Leteni benchi, nitapanda nayo moja baada ya jingine, la harusi likiwamo, na Rhonda amekubali, mkate mpaka nibaki na kola tupu. Pigilieni ukuta mzima jina langu. Ila la baba litoke. Watu wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi nilitaka kuwa nyoka huyo kwa asubuhi moja tu, basi. Nikishindwa, kosa ni langu na la kibanio. Yeye msimwingize.

Klabu ikikataa, nitajiuzulu, nitaanzisha klabu yangu ng'ambo ya kijito. Mpaka sasa ina wanachama wawili, na mmoja wao anabweka. Tutakuwa na ukuta wetu, mtupu, tutakaa tukiutazama.

Royce ameniambia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimemwambia kwamba ndiyo sababu nalalamika, ili nikishashindwa nikubali vizuri.

Nawasalimu wote pale kambini mmoja mmoja, pamoja na Shemasi Odell na samaki wake. Nawasalimu majirani wa pande zote mbili za barabara, hata yule mwenye jogoo. Mpe Mama Mdogo salamu nyingi na umwambie mapaja ya kuku nayo huliwa. Mchungaji namsalimu, na shemeji yangu kichaa namsalimu pia ingawa hastahili, na ngazi aje aichukue, ipo.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu na mwenye shati fupi,

Lamar H. Tidmore

Nyongeza, Jumapili mchana, kabla sijabandika stempu.

Baba Mdogo,

Nimetoka kwa mama. Nilikuwa nimeahidi kwamba La Nne litaandikwa mwishoni, basi ndilo hili, na sina namna.

Nilimpata jikoni. Nikamtandikia shati mezani, mgongo juu ili auone mkato, nikasimama nyuma yake nimeshika kalamu. Akavaa miwani. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole pale lilipobaki, akaniuliza kipande kiko wapi. Nikamwambia kiko ukutani kambini, mbele ya watu wote.

Akasema, "Basi mmekata pazia langu."

Nilidhani hajanielewa. Akanionyesha. Pale mlipokata, kwa juu kidogo, upo mshono mwembamba ambao sikuwahi kuuona kwa kuwa ulishonwa na mama. Mkia ule ulikuwa pazia la jikoni, lililochovywa kwenye maji ya maganda ya kokwa za jozi mpaka likakaribia rangi ya shati. Rangi ikapitiliza kidogo, ikawa nzito kuliko ya mgongo. Mimi nilikuwa nasema ni magogo.

Akanieleza. Nilikuwa bado nanyonya. Baba alirudi kutoka Shingle Fork asubuhi moja ya joto, amechomekea shati mpaka ndani kabisa, akala amechomekea, akapasua kuni amechomekea. Usiku ikabidi alivue, mama akaona. Alikuwa amemkosa dume ndani ya matete yale yale, karibu kiasi cha kuombana chumvi. Kambini mlikuwa wawili tu, yeye na wewe, kijana bado hujaoa. Ulimkata, maana sheria ni sheria. Naye akakubembeleza usiseme, maana wewe ni mdogo wake. Ukampa neno lako. Ila ulikataa kuutupa mkia. Mama anasema uliupigilia pale pale ukutani bila jina, halafu ukatundika kalenda juu yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Miaka yote ile nimeutazama ukuta nikijivuna, naye yuko nyuma ya mwezi wa Machi.

Sasa najua kwa nini ulicheka, na ulikuwa unafuta machozi gani, na mgongo ule ulitugeuzia kwa nini. Nisamehe pale niliposema iliniuma. Bado inaniuma, lakini sasa ni kwa namna nyingine.

Nilijaribu kuokoa kidogo. Nikamwambia mama kwamba labda naye alikuwa na kibanio chembamba. Akasema baba naye alikilaumu hicho hicho. Kwenye bunduki za zamani kibanio hakitoki, kimeungana na mtutu, kwa hiyo baba alitaka kuukata mdomo wa bunduki kwa msumeno. Mama akauficha msumeno kwenye pipa la unga.

Halafu akaniambia nikae, nimsimulie ndege wangu alivyokuwa. Nikamsimulia. Nyekundu, samawati, umande, ile rangi nisiyo na jina lake, ncha iliyovunjika, kope. Aliniacha nimalize, hasa kama baba alivyokuwa akifanya. Kisha akaniuliza, "Hayo yote uliyaona shavu likiwa kwenye bunduki?"

Nikakoroga kahawa yangu. Haikuwa na sukari.

"Baba yako naye aliinua kichwa," akasema. "Aliniambia asingekuwa mtu kama asingemtazama."

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, La Kwanza limefutwa, na La Pili, na mengine yote yanayotegemea hayo, isipokuwa zile foronya. Royce asiambiwe bado, nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Nataka tu kuweka wazi kwamba kisheria kilichoko ukutani ni pazia, si shati, na kwa msingi huo mtu anaweza kusema kwamba mimi binafsi sijakatwa. Rhonda anasema nifunge bahasha.

Mama hataki pazia lake lirudi. Anachotaka ni kwamba uitoe ile kalenda. Neno ulilompa baba, anasema, limekwisha pale makaburini, na anayelijua sasa ni mwanawe. Uuchukue ule mkia wa baba na huu wa juzi, uipigilie pamoja, msumari mmoja unatosha. Na jina liandikwe. Amenitajia maneno yenyewe, nami nayanakili kama alivyosema, usiongeze wala usipunguze:

HOLLIS TIDMORE. ALIINUA KICHWA.

Na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo:

na mwanawe pia.